Wajibu wa Aliyekwisha Kujibiwa

Mtu aliyeingia katika shauri pamoja na wenzake, akasema aliyokuwa nayo, akasikia waliyosema wengine, na mwisho akapata jawabu alilokuwa akilitafuta, tena akalipata kwa njia ya haki na kwa yakini isiyoweza kutanguka, je, ana ruhusa ya kuinuka na kwenda zake ilhali baadhi ya wenzake wangali gizani? Swali hili ni la kale, na wanazuoni wa dini mbalimbali wamelizunguka kwa majina mengi, mara wakiliita haki ya jirani, mara dhamana ya shahidi, mara wajibu wa jamii. Lakini mimi nataka kulichukua kutoka mahali ambapo msomaji huenda asipatazamie, yaani katika kazi ya wale wanaoandika programu za kompyuta ambazo hupatana baina yao kwa masafa ya mbali bila ya kuwa na saa ya pamoja. Wala silichukui huko kwa kupenda mageni. Nalichukua kwa sababu katika kazi ile swali halina pa kujificha: mwandishi wa programu akilijibu vibaya, hapana ufasaha utakaomwokoa, kwa kuwa mashine zake zitasimama kimya, moja ikiingoja nyingine iliyokwisha ondoka, na kimya hicho hakitakuwa na mwisho.

Hebu tuliweke jambo lenyewe wazi. Chukua kompyuta nne, moja Arusha, ya pili Mwanza, ya tatu Mombasa na ya nne Unguja, zilizopewa kazi ya kutunza daftari moja la hesabu, kila moja iwe na nakala yake na nakala zote ziwe sawasawa. Hazina mkubwa wa kuziamrisha. Hupelekeana barua, na kila moja hufuata kanuni ileile iliyoandikwa mapema, ambayo wataalamu huiita itifaki. Barua yaweza kuchelewa kwa muda wowote, na iliyotumwa mwisho yaweza kutangulia kufika. Ahadi pekee iliyopo ni kwamba barua ya mkweli kwa mkweli mwenziwe, siku moja, itafika. Zaidi ya hayo, moja katika zile nne yaweza kuwa imezimika, au, jambo lililo baya zaidi, imeingiliwa na mhalifu anayeifanya imwambie huyu ndiyo na yule siyo. Mwaka 1982 Lamport, Shostak na Pease waliliandika tatizo hili kwa sura ya majemadari wa Bizantiamu waliouzingira mji, baadhi yao wakiwa wasaliti, wakaonyesha kwamba kwa maneno matupu, yasiyo na sahihi isiyoweza kughushiwa, mapatano hayapatikani ila wakweli wazidi theluthi mbili ya wote. Na pasipo saa ya pamoja, hata sahihi hazilipunguzi sharti hilo. Ndiyo maana nilitaja kompyuta nne, kwani tatu hazitoshi kumstahimili hata msaliti mmoja.

Katika ulimwengu wa namna hiyo, maarifa ya kwanza yanayopotea ni yale ya kumpambanua aliyechelewa na aliyekufa. Kimya cha wote wawili ni kimoja. Mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwa hoja ya hisabati kwamba, mahali pasipo na saa, hapana kanuni iliyonyooka, isiyotegemea bahati, inayoweza kuhakikisha kuwa washiriki watafikia mwafaka daima, hata kama aliye katika hatari ya kufa ni mmoja tu na hata kama hapana msaliti yeyote. Fakihi hawezi kuisikia hoja hii asimkumbuke mafkudi, yule msafiri aliyepotea asijulikane kama yu hai au amekufa, ambaye mke wake na mali yake vinangoja hukumu. Umar bin al-Khattab alihukumu kwamba mke wa mtu kama huyo angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na madhehebu ya Malik yakaishika hukumu hiyo. Lakini Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, katika kauli yake mpya alisema angoje mpaka ipatikane yakini. Watu wa majahazi waliujua uzito wa hitilafu hiyo kuliko sisi wa bara. Umar aliweka muda, akaikubali hatari ya mume kurudi na kumkuta mkewe ameolewa. Shafi hakuuweka, akaikubali hatari ya kungoja umri mzima. Waandishi wa programu wamegawanyika vivyo hivyo, wengine wakitia muda wa kungoja na kumhesabu aliyeupita kuwa maiti, wengine wakikataa kabisa, na aghalabu hawana habari kwamba mjadala wao ulikwisha fanywa, kwa insafu kubwa zaidi, miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili iliyopita.

Iko njia ya tatu, ambayo Ben-Or aliionyesha mwaka 1983, nayo ni kupiga kura ya bahati: washiriki wanaposhindwa kuelekea upande mmoja, kila mmoja hurusha shilingi yake, au, katika mipango iliyokuja kuboreshwa, wote huitazama shilingi moja ya pamoja ambayo hapana aijuaye upande wake mpaka wakati wa kufunuliwa, na kadiri duru zinavyozidi, uwezekano wa kubaki katika hitilafu huyeyuka. Msomaji wa vitabu vitakatifu hatashangaa. Kura ndiyo iliyomwangukia Yunus chomboni, na kwa kura Mitume walimpata Mathiya wa kushika mahali pa Yuda. Sisemi kwamba shilingi ya kompyuta ina utukufu wa namna hiyo. Nasema tu kwamba wazee wale hawakuwa wajinga walipoacha, mahali ambapo hoja za watu zimefika ukingoni, nafasi ya jambo lisilo katika milki ya yeyote aliyeketi pale, na hisabati ya karne ya ishirini imeikuta nafasi hiyohiyo kwa kuijia upande mwingine.

Sasa nije kwenye kiini. Itifaki kubwa haiandikwi kwa kipande kimoja. Hujengwa kwa itifaki ndogo, na hizo nazo kwa nyingine zilizo ndogo zaidi. Ili ukurasa mmoja uingie katika daftari letu, kila kompyuta hutangaza pendekezo lake kwa itifaki ya utangazaji. Kisha kwa kila tangazo huitwa itifaki ya mwafaka ya kuamua kama liingizwe au lisiingizwe. Na kila mwafaka, katika kila duru yake, huiita itifaki ya shilingi ya pamoja. Itifaki iitwayo HoneyBadgerBFT, iliyotolewa mwaka 2016, imejengwa hivyo. Kwa hiyo ukurasa mmoja tu wa kompyuta nne una matangazo manne, miafaka minne na shilingi zisizo na idadi iliyojulikana mapema, zote zikiendelea kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake.

Mwandishi wa programu, kwa mazoea aliyolelewa nayo tangu somo la kwanza, huliona jambo hili kuwa jepesi: kazi kubwa inaiita kazi ndogo, inaingoja, inapewa jawabu, inaendelea. Katika mazoea hayo imo itikadi iliyojificha, nayo ni kwamba kazi ndogo huzaliwa inapoitwa na hufa inapojibu, kiasi kwamba kabla ya mwito hapana wa kuzungumza naye, na baada ya jawabu vitu vyake vyote, hesabu zake, orodha ya waliomsemesha, hufutwa katika kumbukumbu ya mashine ili nafasi itumike kwa mengine. Ndani ya kompyuta moja itikadi hiyo ni ya kweli na ina manufaa makubwa. Baina ya kompyuta nne ni batili pande zote mbili, mwanzo wake na mwisho wake, na wataalamu wanaoandika itifaki katika makala zao hawamsaidii sana mwandishi wa programu, kwani wao husema tu "pindi ifikapo barua ya namna hii, fanya hivi", wasiseme ni nani anayeipokea barua hiyo wakati mwenyewe hajazaliwa, wala ni nani anayeijibu wakati mwenyewe amekwisha zikwa.

Kompyuta ya Mombasa, ikiwa na njia nyepesi, itayamaliza matangazo mapema, itaiita itifaki ya mwafaka, na itatuma barua za duru ya kwanza wakati ile ya Arusha ingali ikingoja tangazo. Barua hizo zitafika Arusha zikiwa zimeandikiwa kazi ambayo Arusha haijaizaa. Mwandishi mchanga huzitupa, kwa kuwa hapana wa kuzipokea, na programu yake hupita majaribio yote mezani pake, ambapo kompyuta zote nne zimo ndani ya mashine moja na barua hazichelewi, kisha hukwama mara tu inapotoka nje, kwa sababu barua iliyotupwa haitumwi tena na yule aliyeituma anadhani imefika. Dawa yake yajulikana: kila kazi ipewe jina kamili linalotaja nasaba yake yote, ukurasa wa ngapi, tangazo la nani, duru ya ngapi, na awepo bawabu mmoja anayezipokea barua zote, asome anwani tu, aziweke kando zile ambazo mwenyewe hajaitwa, amkabidhi siku atakapoitwa. Lakini bawabu asiyekataa kitu ni hatari nyingine, maana msaliti ataandika barua elfu kwa elfu za duru ya milioni, ambayo haitafika kamwe, mpaka ghala ijae na barua za wakweli zikose mahali. Hivyo bawabu hana budi kujua ni majina gani yawezayo kuwapo na yapi ni ya uzushi, asizipokee duru zilizo mbali kupita kadiri, tena ampe kila mwandikaji fungu lake katika ghala, asilolijaza mwingine. Kazi hii ya bawabu haina sifa, haitajwi katika vichwa vya makala, na kwa maoni yangu ndimo ulimo uaminifu wote wa programu.

Mwisho ni mgumu zaidi, na ndio uliolizaa swali langu. Katika itifaki ya utangazaji ya Bracha, iliyochapishwa mwaka 1987, kompyuta zikiwa nne, mshiriki anayelipokea tangazo hulirudia kwa wote. Anayesikia marudio matatu yanayolingana huwatumia wote neno "niko tayari". Anayelisikia neno hilo kutoka kwa wawili naye hulisema, hata kama marudio hayakumfikia. Na anayelisikia kutoka kwa watatu hulikubali tangazo. Uzuri wa mpango huu ni kwamba aliyelikubali amekwisha kutoa ushahidi wake wote, hapana atakaloombwa tena, naye anaweza kulala, maadamu barua zake ziko njiani na tarishi ni mwaminifu. Si hivyo katika itifaki ya mwafaka. Huko washiriki huenda duru kwa duru, na mmoja aweza kuona dalili za kutosha katika duru ya pili, ilhali mwenziwe, aliyepata barua kwa mpangilio mwingine, hana budi kwenda ya tatu. Na katika duru hiyo ya tatu mwenziwe atahitaji sauti tatu ili asonge mbele. Ikiwa msaliti amenyamaza, na yule aliyekwisha amua ameondoka, sauti zilizobaki ni mbili. Aliyeondoka hakudanganya, hakuvunja neno lolote alilolisema, na jawabu alilolichukua ni sahihi. Walakini kuondoka kwake kumeitimiza haja ileile ya msaliti, tena bila ya gharama.

Wakulima wa miteremko ya Meru, Wameru na Waarusha, ambao kwa vizazi vingi wameyachepusha maji ya mito kama Themi na Nduruma kwa mifereji, wanalifahamu jambo hili kwa mikono yao: mwenye shamba la juu, zamu yake ikiisha na migomba yake ikishiba, hana haki ya kwenda nyumbani akaacha tuta aliloziba nalo njia, kwa kuwa maji ya wa chini hayana mapito mengine. Mtu huyo hadaiwi kumwagilia shamba la jirani. Anadaiwa kubaki kuwa njia.

Kwa mwandishi wa programu, maana yake ni kwamba kutoa jawabu na kukoma ni mambo mawili yasiyofaa kutiwa katika tendo moja. Itifaki ndogo yapasa iachwe iishi kwa nafsi yake. Itoe jawabu kwa aliyeiita pindi inapolipata, kama mtu anayepitisha karatasi chini ya mlango, kisha iendelee kupokea barua na kuzijibu kwa ajili ya wale walio nyuma, wala aliyeiita asiiue kwa sababu tu yeye mwenyewe amemaliza. Nasema haya nikijua kwamba siku hizi imesifiwa sana nidhamu ya kuandika programu ambamo mzazi akiondoka watoto wake wote husimamishwa, asibaki mmoja akizurura. Katika kazi nyingi nidhamu hiyo ni adili na huzuia maovu mengi. Katika kazi hii, ikifuatwa bila ya taamuli, humfanya kila mkweli kuwa mtoro.

Mafakihi waligawanya faradhi kuwa mbili, faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano, na faradhi ya kifaya, kama sala ya maiti, ambayo wakiisimamia baadhi, wengine wameokoka, na isiposimamiwa na yeyote, wote wamo dhambini. Kwa mtazamo wa kwanza, kuwasaidia waliochelewa ni faradhi ya kifaya, kwani sauti tatu zinatosha na si lazima ziwe nne. Lakini wanazuoni waliweka sharti ambalo watu husahau: faradhi ya kifaya humwondokea mtu anapokuwa na dhana yenye nguvu kwamba wengine wameisimamia. Ni dhana gani yenye nguvu anayoweza kuwa nayo kompyuta ya Arusha juu ya wenzake, iwapo hawezi hata kumpambanua aliyechelewa na aliyekufa? Hana, na asipokuwa nayo, faradhi ya wote imegeuka kuwa yake peke yake, wakati huohuo ikiwa ya kila mmoja peke yake.

Nimesema mifano hii ni ya mashine, lakini mji wa Arusha umeona ya watu. Mapatano ya Burundi yaliyotiwa sahihi hapa tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo ambayo Mwalimu Nyerere aliyasimamia mpaka kufa kwake Oktoba 1999, na Mandela akayapokea, yalijengwa kwa itifaki tano: juu ya asili ya mgogoro, juu ya demokrasia na utawala bora, juu ya amani na usalama, juu ya ujenzi mpya na maendeleo, na juu ya dhamana za utekelezaji. Siku ile vyama vingine havikutia sahihi, vikatia baadaye. Makundi mawili makubwa yaliyokuwa yakipigana, CNDD-FDD na FNL, hayakuwamo kabisa, na makubaliano yenyewe ya kusimamisha vita yaliachiwa wakati ujao, yaani hati kubwa iliiita hati ndogo ambayo wenyewe walikuwa hawajafika mezani. Waliotia sahihi hawakusema kwamba, kwa kuwa wao wamekwisha patana, shauri limefungwa. Serikali ya mpito ilianza Novemba 2001, ikakaa ikingoja huku ikifanya kazi, na CNDD-FDD wakaja kutia sahihi Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL mjini humohumo Septemba 2006. Mtu aweza kuyalaumu mapatano yale kwa mengi, na yaliyotokea Burundi baadaye yanampa sababu. Ila mlango wao haukufungwa kabla ya wa nyuma kufika, na hilo ni jambo lililotakiwa kuamuliwa na mtu, halikujitokea.

Kinyume chake pia tunacho. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake mjini humu, ilivunjika mwaka 1977, kila mmoja akashika alichokuwa nacho, na mapatano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa sahihi ila Mei 1984. Na wastaafu wake katika Tanzania, ambao hawakuwa na hatia katika ugomvi wowote, waliendelea kudai haki zao mahakamani na barabarani kwa miaka mingi baada ya hapo. Ama mapatano ya Rwanda ya tarehe 4 Agosti 1993, yaliyokusanya itifaki zilizotiwa sahihi moja moja tangu mwaka uliotangulia, na yaliyotaka vyombo vya mpito viwekwe katika muda wa siku 37, muda uliopita bila ya kuwekwa, hayo siyaingizi katika mfano wangu. Kilichofuata Aprili 1994 hakikuwa barua iliyochelewa.

Lakini mahakama iliyozaliwa kwa msiba ule ina funzo lililo halali kulitaja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi yake Arusha, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 baada ya kuwashtaki watu 93. Jawabu lilikwisha tolewa. Hukumu zilikuwa zimesomwa. Hata hivyo Baraza la Usalama, kwa azimio la mwaka 2010, lilikwisha amua kwamba mahakama isife pamoja na jawabu lake, likaunda chombo cha masalia, ambacho tawi lake la Arusha lilianza tarehe 1 Julai 2012 na sasa lina majengo yake Lakilaki, nje ya mji. Kazi ya chombo hicho ni ile ninayoieleza tangu mwanzo: kuwalinda mashahidi waliokwisha sema, kuzihifadhi kumbukumbu, kuyajibu maombi ya mahakama za nchi zinazouliza leo swali lililojibiwa juzi, na, hadi mwaka 2024, kuwatafuta waliotoroka. Katika hao alikuwamo Protais Mpiranya, aliyekuwa jemadari wa walinzi wa rais. Mei 2022 ilithibitishwa kwamba alikufa Harare tarehe 5 Oktoba 2006. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano mahakama na chombo kilichoirithi vilimtafuta na kumngoja maiti, wala havikukosea, kwa kuwa kimya chake hakikuwa na tofauti yoyote na kimya cha mtu aliyejificha vizuri. Na vingejiwekea muda wa kungoja, muda uleule ungewasamehe na wale waliokuwa hai, mmoja wao akakamatwa Ufaransa mwaka 2020 na mwingine Afrika Kusini mwaka 2023. Imamu Shafi angeuelewa uvumilivu ule.

Kijana mmoja wa Tengeru, aliyekuwa akiandika programu ya namna hii, alinisikiliza nikieleza habari hizi, akaniuliza kwa adabu swali lenye makali. "Mwalimu," akasema, "kila ukurasa wa daftari una itifaki ndogo nyingi, na kurasa ni elfu kwa siku, nisipoziua hata moja, kumbukumbu ya mashine itajaa kabla ya juma kuisha. Sasa aliyebaki kwa ajili ya wengine naye atakufa, atamfaa nani?" Nilimwambia kwamba wako waliojaribu kuijibu hoja hiyo kwa hati: washiriki watatu watie sahihi kwamba ukurasa wa saba una jawabu hili, sahihi zikusanywe katika cheti kimoja kifupi, kisha itifaki zote za ukurasa huo zifutwe, na atakayechelewa apewe cheti. Hiyo ni njia njema, na kwa sehemu kubwa ndiyo ifuatwayo, kwani cheti ni kidogo na hakihitaji mtu wa kukifasiri. Kijana akatabasamu. "Naye anayekitunza cheti, ataruhusiwa lini kuondoka? Maana mimi nikijua kwamba watatu wanacho, nitasema wapo wenzangu, nikakitupa. Nao watatu watasema vilevile juu yangu."

Hapo alikuwa ameligusa jambo lenyewe, na sikuwa na budi kumkubalia. Kila mmoja kwa hoja sahihi ana dhana yenye nguvu kwamba wengine wamebaki, na kwa hoja hiyohiyo wote wanaondoka. Aliyechelewa anafika akiwa na haki zake zote na kukuta uwanja mtupu. Mwaka 1997 Aguilera, Chen na Toueg waliukabili ugumu ulio jirani na huu. Walionyesha kwamba, ikiwa barua zaweza kupotea njiani na washiriki waweza kufa, hapana njia ya kumfikishia mwenzio neno kwa uaminifu na ukapata siku ya kuacha kutuma, isipokuwa uwe na habari fulani juu ya uhai wake. Na habari waliyoipendekeza haikuwa hukumu ya kwamba fulani amekufa, bali mapigo tu: kila aliye hai awatumie wenziwe ishara ndogo isiyo na maneno, nao wahesabu. Mwenye neno la kufikisha asilitume tena na tena gizani. Alitume kila hesabu ya mapigo ya mwenziwe inapoongezeka, mpaka aambiwe limefika. Ikiwa mwenziwe amekufa, hesabu itasimama na kutuma kutakoma kwenyewe, bila ya mtu yeyote kutamka kwamba amekufa. Ikiwa alikuwa amechelewa tu, siku atakapopiga pigo lake atalikuta neno lake likimngoja.

Mtu akizingatia ataona kwamba katika mpango huo swali la mafkudi halikujibiwa kwa kauli ya Umar wala ya Shafi. Limeondolewa tu katika njia ya kazi, kwa kuwa hapana kinachotakiwa kuamuliwa juu yake. Wajibu wa aliyekwisha kujibiwa nao umepungua ukawa mwepesi kubebeka: hatakiwi kuita usiku kucha, yatakiwa tu aweke cheti chake mahali pasipopotea na aamke akibishiwa hodi. Nilimshauri kijana aitoe kazi hii ndani ya itifaki zake ndogo zote, aiweke chini kabisa, pale kwa bawabu, iandikwe mara moja kwa ajili ya zote, maana itifaki ndogo ikiachiwa kila moja ikumbuke deni lake la mwisho, iko itakayosahau. Bei yake ipo, nayo wenye ushahidi ule hawakuificha: mapigo yenyewe hayana siku ya kukoma. Barua za kazi zaweza kwisha, daftari laweza kufika ukurasa wake wa mwisho, lakini maadamu yuko mmoja ambaye huenda bado yu njiani, wengine wataendelea kupiga.